DENI LA MSIMU: Bai ya khiyari na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa masuali tunayoulizwa sana baada ya sala na baada ya darsa ni suali la deni. Anayeuliza huwa si tajiri aliyefilisika. Huwa ni mvuvi, mkulima, fundi wa ujenzi, au mama anayekaanga vitumbua alfajiri. Suali lake halibadiliki: "Sheikh, nadaiwa, na nataka kulipa. Lakini riziki yangu leo ipo, kesho haipo. Nitalipaje?"

Jawabu la haraka ni kumkumbusha kuwa deni ni haki ya mja na kwamba roho ya muumini hubaki imefungika kwa deni lake. Maneno haya ni ya kweli, lakini muulizaji anayajua, na ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Anachouliza ni njia. Kwa hiyo tumeonelea turudi katika tarikh, tuitazame jamii moja iliyoishi kwa pato lisilo na ahadi, ikakopa juu ya pato hilo, na hatimaye ikapoteza mashamba yake. Jamii hiyo haiko mbali, ni wazee wetu wa Unguja na Pemba.

Waraka wa mzee

Zamani kidogo, mzee mmoja wa Pemba alitujia na waraka wa Kiarabu uliokunjwa mara nne, karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Alituomba tumsomee. Alikuwa amerithi waraka huo kwa baba yake, akaambiwa kuwa ni hati ya shamba la mikarafuu la babu yake. Pamoja na waraka alirithi maneno: kwamba babu yake alikuwa mpotevu, aliyekula shamba la watoto wake.

Tukausoma. Ni kweli ilikuwa hati ya shamba, lakini haikuwa ya kumiliki, ilikuwa ya kuuza. Ilieleza kuwa fulani bin fulani ameuza shamba lake kwa fulani kwa kiasi kadhaa, bai ya khiyari, muda wa miaka miwili. Chini yake ukaja mstari mwingine: kwamba muuzaji amelikodi shamba lilelile kwa mnunuzi, kwa ujira maalumu kila mwaka.

Mzee akauliza: "Kwa hivyo babu aliuza?"

Tukamwambia: "Babu alikopa, mzee wangu. Waraka ndio unaosema kuwa ameuza."

Alinyamaza muda mrefu. Shamba hakuwa akilitaka, kwani baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, babu yake alikuwa mpotevu kweli? Makala haya ni jawabu letu kwake, tena ni nasaha kwa aliye katika hali ya babu yake leo.

Asili ya jambo: deni la tende la Madina

Kabla ya kuingia katika karafuu, yafaa tujue sheria yetu ilizaliwa katika mji wa namna gani. Madina ulikuwa mji wa mitende. Mtu wa mitende hapati kitu kila mwezi, hupata mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hupata kidogo. Kwa hiyo hukumu nyingi za deni katika sheria yetu zimewahusu watu ambao pato lao lilikuwa la msimu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Jabir bin Abdullah (r.a.). Baba yake, Abdullah bin Amr bin Haram, aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, sawa na 625. Aliacha mabinti wa kulelewa, na aliacha deni. Katika mapokezi ya Imamu Bukhari imekuja kuwa deni hilo lilikuwa wasaki 30 za tende, na wasaki moja ni pishi 60. Jabir alimwomba mdai ampe muda, akakataa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe akaenda kumwombea, akamtaka mdai achukue tunda lote la shamba badala ya deni lake, naye akakataa vilevile. Mtume (s.a.w.) hakumlazimisha. Aliingia shambani, akatembea kati ya mitende, kisha akamwamuru Jabir achume na amlipe mdai haki yake. Tende zikapimwa, mdai akapata wasaki zake 30 kamili, na zikabaki 17.

Baraka iliyotokea hapo ni muujiza wa Mtume (s.a.w.), hatuutolei kanuni. Lakini katika kisa hicho yamo mambo matatu ambayo si muujiza, ni mpango. La kwanza, muda uliombwa mapema, tena kwa mwombezi mwenye heshima. La pili, deni lilingojea mavuno, likalipwa kwa mavuno. La tatu, na ndilo kubwa, kilichotoka ni tunda, na mitende ikabaki kwa mabinti. Mwaka uliofuata nyumba ile ilikuwa na shamba lake.

Yapo na mengine ya mji huohuo. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakilipa fedha leo kwa tende za mwaka mmoja au miwili ijayo. Hakuwakataza moja kwa moja. Aliwaamuru kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salamu ya mafaqihi, yaani bai ya salam, mlango aliofunguliwa mkulima ili apate fedha kabla ya kuvuna. Upande wa pili alikataza kuuza tunda juu ya mti kabla halijaanza kukomaa, akauliza: Mwenyezi Mungu akilizuia tunda hilo, mtu atahalalisha kwa kitu gani mali ya ndugu yake?

Tena imepokewa na Imamu Muslim kuwa mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na balaa, madeni yakamzidi. Mtume (s.a.w.) akawataka watu wamtolee sadaka. Wakatoa, lakini haikufikia deni. Ndipo akawaambia wadai wake wachukue walichokikuta, kwani hawana zaidi ya hicho. Wanazuoni wetu wameeleza kuwa maana yake ni kwamba hawana cha kumdai wakati ule, wala si halali kumwandama wala kumfunga maadamu ni mzito wa hali, bali atangojewa mpaka apate wepesi. Na hiyo ndiyo amri ya aya ya 280 ya Suratul Baqara: mwenye dhiki angojewe mpaka hali yake ikae sawa, na kumsamehe ni bora zaidi. Aya hiyo, ndugu msomaji, imekuja mara tu baada ya aya za kukataza riba. Wakati wa kumngojea mwenye dhiki ndio uleule ambao mla riba huongeza deni.

Karafuu, mali isiyo na ahadi

Sasa tuvuke bahari. Mkarafuu uliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala mpaka 1856, aliusukuma mbele mpaka visiwa hivi vikawa vinalisha soko la dunia. Anayeusikia utajiri huo kwa mbali hudhani kuwa mwenye mikarafuu alikuwa na fedha wakati wote. Aliyekulia shambani anajua kinyume chake.

Mkarafuu ukipandwa hauzai ila baada ya miaka kadhaa. Ukianza kuzaa, hauzai sawasawa. Unaweza kutoa mavuno makubwa mwaka mmoja, kisha ukapumzika miaka miwili ukitoa haba. Karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka, na likishafunguka thamani imepotea, kwa hiyo ukija msimu mkubwa mwenye shamba huhitaji wachumaji wengi kwa wakati mmoja, na ujira wao, ambao ulihesabiwa kwa pishi, hutakiwa papo hapo. Kisha karafuu hutenganishwa na makonyo, huanikwa juu ya majamvi, na mvua ikiziwahi huharibika. Baada ya taabu yote hiyo, bei inapangwa sokoni na watu asiowajua, Bombay na kwengineko.

Nyumba ya mkulima, kwa upande wake, hula kila siku. Mchele ukiisha mwezi wa njaa hauongoji msimu. Nguo, harusi, maziko, na mtoto wa kupelekwa chuoni, yote yana wakati wake. Pengo kati ya tumbo la kila siku na pato la msimu ndilo lililomleta mkopeshaji. Mara nyingi alikuwa ni mwenye duka kijijini, aliyetoa mchele na nguo na kuandika katika daftari lake. Nyuma yake alisimama tajiri wa mjini, naye huenda alikuwa amekopa kwa mwingine. Wengi wao walikuwa Wahindi, lakini Waarabu pia walikopesha, na Waswahili wenye nafasi walikopesha. Hatuandiki haya kwa ajili ya kuwalaumu watu wa asili fulani. Tunautazama mkataba.

Pigo la kwanza kubwa lilikuwa kimbunga cha mwaka 1872, kilichong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi, na tangu hapo ndiyo iliyotoa karafuu nyingi zaidi. Mwenye shamba aliyepoteza miti alihitaji kupanda upya na kungojea miaka. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria, na kuanzia hapo kazi ya shamba ikahitaji ujira. Hatuna majuto juu ya hilo, kwani aliyefanya kazi bila ya ujira ndiye aliyekuwa mdai wa kwanza wa shamba lile, ingawa jina lake halikuandikwa katika daftari lolote. Lakini matokeo yake ni kuwa mahitaji ya fedha taslimu yalizidi, na mapato yakabaki ya msimu kama yalivyokuwa.

Namna bai ya khiyari ilivyofanya kazi

Mkopeshaji Mwislamu au anayemkopesha Mwislamu hakuweza kuandika riba katika waraka utakaopelekwa mbele ya kadhi. Ndipo ikatumika bai ya khiyari, iliyokuwa maarufu Oman na ikaenea katika mwambao wetu. Nyaraka za namna hii za karne ya 19 zimehifadhiwa mpaka leo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar.

Sura yake ni hii. Mwenye shamba anahitaji fedha. Anamuuzia shamba mwenye fedha, kwa sharti kwamba akirejesha thamani ileile ndani ya muda waliokubaliana, shamba linarudi kwake. Hiyo ndiyo khiyari yake. Katika muda huo mkulima anabaki shambani, lakini sasa ni mpangaji, na analipa ujira kila mwaka. Muda ukipita bila ya kurejesha, mauzo yanakuwa ya moja kwa moja, na shamba limekwenda.

Ili jambo lionekane, tuchukue mfano wa hesabu tulioutunga wenyewe kwa ajili ya kufahamisha. Mkulima amechukua reale 100, muda miaka miwili, ujira wa shamba reale 15 kwa mwaka. Baada ya kutoa matumizi ya nyumba na ujira wa wachumaji, shamba limembakishia reale 60 mwaka wa kwanza, 10 mwaka wa pili, 5 mwaka wa tatu, na 70 mwaka wa nne. Jumla ni reale 145. Shamba hili, kwa hakika, lina uwezo wa kulipa deni la 100 na kubakisha.

Lakini tazama waraka unavyohukumu. Mwisho wa mwaka wa pili mkulima amepata reale 70, ametoa ujira reale 30, mkononi ana 40. Anadaiwa 100. Shamba limekwenda. Hata angepewa miaka minne badala ya miwili, ujira ungefika reale 60, na angebakiwa na 85 tu. Shamba lingekwenda vilevile.

Sasa tuhukumu mfano huohuo kwa hukumu ya Madina: hakuna ujira juu ya mali yake mwenyewe, na analipa kila mavuno yanapokuja kwa kadiri yalivyokuja. Mwaka wa kwanza analipa 60, wa pili 10, wa tatu 5, wa nne 25. Deni limekwisha, mdai amepata haki yake yote, shamba lipo, na nyumba ina akiba ya reale 45.

Shamba ni lilelile, mavuno ni yaleyale, na mkulima ni yuleyule, hakuongeza bidii wala hakuipunguza. Kilichobadilika ni mkataba. Huu ndio msingi wa makala yetu: deni la mwenye pato la msimu halimshindi kwa ukubwa wake, humshinda kwa muda wake.

Kauli za mafaqihi

Wanazuoni hawakulala juu ya jambo hili. Mauzo ya namna hii yalijitokeza mapema katika miji ya Bukhara, Samarqand na Balkh, ambako mafaqihi wa Kihanafi waliyaita bai ya wafaa, na wakatofautiana: je, ni bai sahihi, ni bai fasidi, au ni rehani iliyovaa nguo ya bai? Waliokuwa wakiruhusu waliangalia haja ya watu, kwani madeni yalikuwa mengi na watu walikimbia riba. Baadaye jambo hilo likaingia hata katika Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyotolewa kuanzia 1869.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, khiyari ya sharti haizidi siku tatu, na sharti la kurejesha likiwekwa ndani ya mkataba huuharibu. Mafaqihi wa Hadhramaut, ambao vitabu vyao vimesomeshwa sana katika darsa za mwambao wetu, waliizungumza kwa jina la bai ya uhda, na waliopitisha walitaka ahadi ya kurejesha iwe nje ya mkataba. Katika Oman, ambako madhehebu ya Ibadhi ndiyo yenye watu wengi, ilitumika kwa wingi na wanazuoni wake wakatofautiana. Wapo waliosema kuwa mnunuzi akikusudia mapato ya mali tu, wala hakuitaka mali yenyewe, basi hiyo ni riba.

Kauli hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu na nyoyo za wenye kutafakari. Mafaqihi wana kanuni kuwa kila mkopo unaovuta manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Mnunuzi wa khiyari alitoa 100 ili arejeshewe 100, na katikati akawa anapokea 15 kila mwaka. Tukiondoa majina, kimebaki nini? Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah, lilipitisha kuwa bai ya wafaa kwa hakika yake ni mkopo uliovuta manufaa, na kwamba haijuzu.

Hatusemi hivi ili kuwatuhumu makadhi waliotia saini nyaraka hizo. Kadhi huhukumu kwa dhahiri, na dhahiri ilikuwa ni mauzo na ukodishaji, na kila kimoja peke yake ni halali. Ubaya ulikuwa katika kuviunganisha. Pia deni la dukani lilikuwa na tatizo lake. Mwenye duka alipoligeuza deni la mchele uliokwishaliwa kuwa karafuu za msimu ujao kwa bei aliyoipanga yeye, watu waliona kama ni salamu. Lakini katika salamu thamani hutolewa taslimu katika kikao cha mkataba, na deni la zamani haliwi thamani ya salamu. Mkulima aliyeuza karafuu zake kwa njia hiyo alizianika juu ya majamvi yake hali ya kuwa si zake tena.

Kuanguka kwa bei na sheria za 1934 na 1938

Mambo yalifika ukingoni baada ya mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929. Bei ya karafuu iliporomoka, lakini tarakimu za madeni hazikuporomoka pamoja nayo. Mwaka 1933 ilitolewa ripoti ya Bartlett na Last juu ya madeni ya wakulima wa Zanzibar, na mwaka 1934 serikali ya himaya ya Uingereza ikapitisha sheria kadhaa. Mojawapo ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamishwa kwa watu wengine bila ya idhini. Umoja wa Wakulima wa Karafuu, ulioundwa 1927, ukapewa nguvu juu ya biashara ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wamelengwa wao. Mwaka 1937 karafuu za Zanzibar zikasusiwa nchini India, na mgogoro haukuisha ila kwa mapatano ya mwaka 1938. Mwaka huohuo ikaja sheria ya kulinda ardhi na kumaliza madeni, ili deni lichunguzwe na kijulikane kiasi kinachostahiki kulipwa.

Tuangalie sheria hizi kwa insafu. Zilizuia ardhi kuhama, lakini mkulima aliyezuiwa kuweka shamba lake hakupata mahali pengine pa kukopa mchele wa mwezi wa njaa. Zilipima watu kwa asili zao, ilhali ugonjwa ulikuwa katika mikataba. Na zilikuja baada ya mashamba mengi kwisha kuondoka. Hata hivyo, ndani yake mlikuwamo jambo moja ambalo fiqhi yetu inalijua tangu zamani: deni lililochanganyika na ziada lisilipwe kwa kufumba macho, lihesabiwe kwanza, ijulikane asili yake ni ngapi na ziada ni ngapi.

Tunajifunza nini?

Waraka wa khiyari haupo tena, lakini mkataba wake haujafa. Leo mama wa vitumbua hukopeshwa kwa marejesho ya kila wiki, bahari iwe shwari au imechafuka, mvua inyeshe au isinyeshe, na akikosa wiki moja hubebewa friji na magodoro. Watu wetu wenyewe wameipa mikopo hiyo jina la "kausha damu", na jina hilo limetosha kuwa fatwa. Kwa aliyetumbukia, na kwa anayetaka asitumbukie, tunanasihi yafuatayo.

Kwanza, andika madeni yote mahali pamoja: nani anadai, kiasi gani, tangu lini, asili ni ngapi na ziada ni ngapi. Kuandika deni kumeamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, na faida yake si ya mdai peke yake. Anayedaiwa na watu watano bila ya daftari humlipa mwenye sauti kubwa, akamwacha mwenye haki.

Pili, siku ya pato kubwa ndiyo siku ya deni, nayo ndiyo siku ya hatari. Fedha za msimu zikiingia nyumba nzima huona kuwa dhiki imekwisha. Watu wazima wakae pamoja, mume na mke na watoto waliofikia umri, watenge kwanza chakula cha kuwafikisha msimu mwingine, kwani nafaka ya wanaokutegemea ni wajibu. Mafaqihi wanasema hata aliyefilisika huachiwa nguo zake na masurufu ya watu wake. Kisha fungu la madeni litolewe sikuhiyo, wala lisilale ndani. Likiwa halitoshi, wadai wagawane kila mmoja kwa kadiri ya deni lake, kama wagawanavyo wadai wa aliyefilisika.

Tatu, omba muda kabla ya muda kwisha. Jabir (r.a.) aliomba mapema. Mdaiwa anayejificha mpaka mdai amfuate mlangoni ameupoteza uaminifu wake, na uaminifu ndio mali ya asiye na mshahara. Akiwa na mwombezi, mzee wa mtaa au imamu, aende naye. Wakati Kaab bin Malik alipomdai Ibn Abi Hadrad msikitini na sauti zikapanda, Mtume (s.a.w.) alimwashiria Kaab apunguze nusu, akakubali, kisha akamwamuru mdaiwa alipe iliyobaki. Msikiti uliwahi kuwa mahali pa sulhu ya madeni, na hakuna kinachozuia leo usiwe.

Nne, usiuze mti kwa deni la tunda. Mashine ya kushonea ya fundi, ngarawa na nyavu za mvuvi, jiko la mama lishe, hiyo ndiyo mikarafuu ya watu wa leo. Kitakachouzwa kwanza ni pambo, kisha ziada, na chombo cha riziki kiwe cha mwisho kabisa. Wala deni lisilipwe kwa mkopo mwingine wenye ziada.

Tano, na hili ni la wanaokopesha: anayeikopesha nyumba ya pato la msimu na apange muda kwa msimu wao. Hatapoteza kitu, tena huenda akalipwa kwa uhakika zaidi kuliko anayetaka kila Jumatatu. Na katika mafungu manane ya zaka limo fungu la wenye madeni. Tumezoea kulitaja tukalipita, ilhali mtaani kwetu wenye kulistahiki tunawajua kwa majina.

Turudi kwa mzee wetu. Tulimwambia kuwa babu yake hatukumjua, na siri za watu ni kwa Mola wao. Lakini waraka aliotuletea hauthibitishi upotevu. Unathibitisha kuwa mtu mmoja alihitaji fedha, akaahidi kuzirejesha katika miaka miwili, na mkarafuu hauna ahadi ya miaka miwili. Mzee akaukunja waraka wake mara nne kama ulivyokuwa, akasema atakwenda kuwaambia wajukuu zake. Kisha akatuomba tumsomee Fatiha babu yake, tukamsomea.

Mwenyezi Mungu (s.w.) awalipie deni wenye madeni, awalainishe nyoyo wenye kudai, na atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake. Wallahu aalam.